Wino Mwekundu Juu ya Barua ya Kibarua

Mwalimu wa historia wanafunzi walimbandika jina la Ushahidi, na jina likamganda. Ukimwambia jambo, hata kama ni kwamba nje kunanyesha, atakukazia macho: "Ushahidi uko wapi?" Alisema hivyo darasani, alisema hivyo kwenye vikao vya walimu, na mumewe, fundi cherehani mwenye utani mwingi, huapa kwamba hata siku ya posa aliulizwa hivyo hivyo.

Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kufundisha historia ya mahali pao kwa kukaririsha kitabu. Alitaka watoto walete karatasi za nyumbani: vyeti, vibali, picha, barua. Karatasi ikishawekwa mezani, sheria zake zilikuwa kali. Mikono ioshwe, kalamu za wino zikae ndani ya mikoba, penseli tu ndiyo iruhusiwe. Mtoto akisahau akashika kalamu karibu na karatasi ya zamani, atasimama nje mpaka kipindi kiishe. Na ni mwalimu huyo huyo aliyekuja kufanya aliyoyafanya. We acha tu!

Muhula ule walikuwa wakisoma habari za ujenzi wa daraja la mto, lile ambalo nusu ya darasa hulivuka kila asubuhi. Alitoa kazi mbili kwa mpigo, na hapo ndipo mkorogo ulipoanza. Ya kwanza, kila mwanafunzi ajifanye kibarua wa enzi za ujenzi, aandike barua ya kwenda kwao. Ya pili, mwenye karatasi yoyote ya kale nyumbani ailete, amkabidhi mwalimu mkononi.

Ijumaa madaftari arobaini na manane yalikuwa yamerundikana mezani kwake kwenye ofisi ya walimu. Alikuwa akisahihisha huku mdomo ukiwa kwenye mazungumzo ya wenzake, mkono ukienda wenyewe. Ndani ya daftari la msichana mmoja mkimya wa safu ya pili akakuta karatasi isiyobanwa, ya manjano, imejaa herufi kubwa zilizopinda. Akacheka peke yake. Watoto wa siku hizi ni watundu, wanachovya karatasi kwenye chai ya rangi ili ionekane ya zamani. Basi kalamu nyekundu ikashika kazi: duara hapa, mstari pale, maneno pembeni. Chini akamalizia: "Kuchovya karatasi kwenye chai si historia. Tahajia mbovu. Hakuna kibarua aliyeandika hivi. Si ya kuaminika. 3/10."

Laiti angekomea hapo! Jumatatu alisimama nayo mbele ya darasa.

"Sikilizeni kazi ya mtu aliyelipua," alisema, kisha akaanza kusoma kwa sauti ya kuigiza, akiyavuta maneno. "'Salamu sana tena sana. Mimi muzima isipokuwa magoti. Hapa musimamizi ana mbwa, mbwa anakula nyama, sisi tunamuangaliya.'"

Darasa likaangua kicheko. Yule msichana akanyoosha mkono.

"Shusha. Utajitetea baadaye."

Kengele ililia hajafika hata nusu ya barua. Mapumziko yote uwanja ulijaa watoto wakipigana vikumbo na kupiga kelele, "Mimi muzima isipokuwa magoti!"

Msichana alisubiri chumba kibaki kitupu. Hakulia. Alisogea mpaka kwenye meza ya mwalimu akasema, "Mwalimu, ile si kazi yangu. Kazi yangu iko ukurasa wa mbele yake. Ile aliiandika baba yake bibi."

"Ushahidi uko wapi?"

Lilimtoka tu, kwa mazoea. Msichana akafungua daftari. Chini ya kazi yake, ambayo haikuwa na alama hata moja nyekundu, palikuwa na maneno ya penseli: "Mwalimu, nilikutafuta sikukuona. Naomba uitunze hii, bibi hana nyingine." Kisha akaigeuza barua. Ilikuwa ya zile zilizokunjwa zikawa bahasha zenyewe, na nyuma palikuwa na mhuri wa posta. Mhuri ulikuwa umefifia lakini mwaka ulisomeka, nao ulikuwa mwaka ambao mama yake mwalimu mwenyewe alikuwa hajazaliwa.

Hakuwa ameigeuza. Yeye, ambaye siku ya kwanza ya kila mwaka huwafundisha watoto kwamba karatasi ina pande mbili, hakuwa ameigeuza! Uso ulimshuka. Alitamani ardhi ipasuke immeze na ile kalamu yake mfukoni.

"Niachie," alisema kwa shida. "Nitaishughulikia."

Sasa, mtu mwenye akili timamu angekwenda kwa bibi siku hiyo hiyo. Yeye alikwenda kutafuta wembe. Alijifungia kwenye stoo ya vitabu, akaanza kuukwangua wino polepole, akianzia pale chini kwenye 3/10. Alama haikutoka; kilichotoka ni karatasi. Likabaki tundu la ukubwa wa kucha ya kidole gumba, na pembeni mwa tundu wekundu uko vile vile.

Mwalimu wa hesabu, rafiki yake wa miaka mingi, alimkuta ameshika kichwa. Akasikiliza yote, akatikisa mabega.

"Dada, unajitesa bure. Huyo bibi kwanza anaona? Mwambie imelowa na mvua, yameisha."

"Na mtoto?"

"Mtoto atasema nini mbele ya mwalimu?"

Na sitamficha mtu: alilifikiria. Siku mbili nzima alilifikiria. Alishapanga mpaka maneno, mvua ilinyesha saa ngapi na dirisha lipi lilikuwa wazi. Aibu ilikuwa imemfanya mwongo kabla hajafungua mdomo, na alijijua, na kujijua huko kulimkera kuliko kitu kingine.

Siku ya tatu kiti cha msichana kilikuwa kitupu. Alipouliza, darasa likatazamana, kisha mmoja akanong'ona kwamba hataki kuja kwa sababu wanamwita Magoti.

Jioni ile ile, jua halijazama, alikwenda kwa bibi. Bibi na mjukuu walikaa nyuma ya karakana ya mafundi wa kuchomelea vyuma, chumba na ukumbi, pazia katikati. Bibi alikuwa kwenye mkeka akikunja nguo zilizokauka, akizipapasa mishono kwa vidole kwa kuwa macho yalikuwa yamefunga ukungu. Mjukuu wake alimwona mwalimu akaingia nyuma ya pazia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Ushahidi?"

Hata jina limefika! Mwalimu alikaa chini, akaeleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, akirudi nyuma, lakini alieleza yote: wino, kicheko, wembe, tundu, na hata mvua aliyotaka kuisingizia. Bibi aliendelea kukunja mpaka shati likaisha.

"Unajua kwa nini niliitoa?" aliuliza. "Baba hakurudi. Watu wakasema amepata mwanamke ng'ambo ya mto, ametutelekeza. Mama amekufa anasemwa hivyo. Mimi nimekua naitwa mtoto wa mtoro. Karatasi hiyo tu ndiyo inayosema alikuwa kazini na anatukumbuka. Nikasema, hebu iende shule, wasomi waisome, ijulikane. Kumbe wasomi wameiandika kwamba ni ya uongo."

"Nisamehe, bibi."

"Samahani ya humu ndani nitaifanyia nini mimi? Walicheka wangapi?"

"Darasa zima, bibi. Ukimtoa mjukuu wako, arobaini na saba."

"Basi hao ndio wa kuwaambia. Nami nitakuwepo, nisikie kwa masikio yangu."

Alhamisi bibi aliketi kwenye dawati la mbele, mjukuu wake ubavuni. Mwalimu alisimama na barua mkononi.

"Jumatatu niliwaambia barua hii ni ya uongo," alisema. "Ni ya kweli. Aliyeiandika alikuwa kibarua wa daraja letu, na ni baba wa bibi huyu. Maneno mekundu yameandikwa na mtu aliyekuwa hatazami anachofanya. Mtu huyo ni mimi."

Mkono mmoja ukapanda nyuma. "Mwalimu, na hilo tundu?"

Angeweza kusema ni panya. "Nilijaribu kufuta," alisema, "ili msijue." Kati ya maneno yote ya siku ile, hayo ndiyo yaliyomtoka kwa taabu zaidi, kwa sababu mengine ni makosa na hilo lilikuwa ni kusudi.

"Isome yote," bibi akasema. "Na mekundu pia."

Akasoma. Salamu, magoti, mbwa wa msimamizi. Kila alipofika kwenye duara jekundu alilitaja, neno gani na amelisahihishaje. Safari hii hapakuwa na wa kucheka. Akafika pale kengele ilipomkatiza Jumatatu, akaendelea.

"'Juzi wameanguka watu wawili kwenye nguzo ya tatu, na kesho mimi nawekwa mahali pa mumoja wao. Nguzo ikiisha narudi. Nijulisheni, mutoto wangu ameanza kutembeya? Musimubebe sana. Mumuache aanguke aanguke, atajuwa.'"

Hapo akaishusha barua. Ubavuni mwa mstari ule palikuwa na wino wake.

Bibi akageuza uso kulielekea darasa. "Mtoto huyo ni mimi," alisema. Akamrudia mwalimu. "Soma, mwanangu. Hapo umeandika nini?"

Mwalimu akasoma, polepole, kwa sauti ambayo safu ya nyuma iliisikia vizuri.

"'Haihusiani na mada.'"