Binti Niliyemwita Rafiki

Kwa miaka mingi nilijivunia jambo moja: binti yangu alikuwa rafiki yangu. Wanawake wenzangu wa jumuiya yetu ya kanisa, hapa Kitendaguro, walipolalamika kwamba watoto wao wakishapata kazi hawana la kuzungumza nao ila salamu, mimi nilisema, "Wangu hanifichi kitu, wala mimi simfichi." Nilijua wananionea wivu. Leo naona haya kuyaandika.

Alikuwa mtoto wangu wa pekee. Alipokuwa darasa la tatu, baba yake alikwenda Mwanza kutafuta kazi, akakaa, na mwisho tukasikia ana mji mwingine huko. Chakula hakikutupiga chenga. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyuma ya nyumba tulikuwa na kibanja cha migomba na kahawa. Kilichonishinda kilikuwa kukosa mtu wa kuzungumza naye. Dada zangu walikuwa wameolewa mbali, mawifi walisimama upande wa kaka yao, na walimu wenzangu sikutaka wayajue. Basi nikamsimulia mtoto. Tukiwa jikoni tunamenya ndizi, nilimweleza jinsi baba yake alivyonidanganya, wifi fulani alivyonisema msibani, nilivyochoka. Wakati mwingine nilimwambia kwamba sioni sababu ya kuendelea kuishi. Aliacha kisu, akaniangalia, akasema, "Pole, Mawe." Hivyo ndivyo anavyoniita mpaka leo, kwa Kihaya. Nani mwingine aliniambia pole namna ile? Nikaona Mungu amenipa mwenzangu humu humu ndani.

Akasoma, akaenda chuo, akaajiriwa kuwa afisa mifugo Muleba. Huko akapanga vyumba viwili nyuma ya soko. Mimi nikastaafu, nikabaki na kibanja. Kila Jumapili baada ya misa alinipigia simu. Nilikuwa nikikusanya habari za wiki nzima kwa ajili ya simu hiyo, na yeye akisikiliza mpaka mwisho. "Pole, Mawe." "Ehee." "Pole sana."

Jumamosi moja, mwaka juzi, tulikuwa tunatoka kwenye sala ya jumuiya. Mama mmoja, ambaye mdogo wake anauza samaki soko la Muleba, akanishika mkono.

"Waitu, mwenzangu, pole kwa kuuguliwa na binti. Kidonda kinaendeleaje?"

Sikuwa na habari ya kidonda chochote. Lakini mdomo ukajibu wenyewe: "Ahsante, anaendelea vizuri."

Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeshika rozari, hata sikuisali. Sikumpigia simu. Nilijua nikipiga ataniambia nisije. Asubuhi ya Jumapili sikwenda misa. Nilipanda basi la kwanza la kwenda Biharamulo, nikashuka Muleba na mfuko wa ndizi na kuku mmoja aliyefungwa miguu.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa rika la binti yangu, amejifunga kanga kiunoni, mwiko mkononi. Alikuwa mwalimu wa sekondari pale mjini, rafiki yake. Jina lake nilikuwa nimelisikia mara mbili tatu, sikuwahi kuuliza zaidi. Alinipokea mfuko, akapiga magoti kunisalimu, kisha akarudi kwenye uji wake. Alifungua kabati akachukua chumvi bila kutafuta. Mimi sikujua chumvi inakaa wapi katika nyumba ile.

Binti yangu alikuwa amelala, amekonda usoni. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi, Jumatano ya wiki iliyotangulia. Nilihesabu siku, nikakumbuka. Jumapili iliyopita, akiwa bado hospitalini na siku yake ya nne tangu apasuliwe, alikuwa amenipigia simu kama kawaida. Nami nilimsimulia kwa muda mrefu sana habari za mbuzi wa jirani aliyekula maharage yangu. Alisikiliza. Alisema pole.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimwuliza.

"Ungelia, Mawe."

"Mama halii mwanawe akiugua?"

"Analia." Alifumba macho. "Halafu mimi ningeanza kukubembeleza. Sikuwa na nguvu hiyo."

Nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nikasema, "Lakini sisi ni marafiki. Tumekuwa tukiambizana kila kitu."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia," alisema. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana maneno yake yameniganda. "Mimi nilikuwa na miaka tisa. Ile siku uliyosema huoni sababu ya kuishi, kesho yake darasani sikusikia hata neno moja. Kengele ilipolia nilikimbia hadi nyumbani, nikuone kama upo. Nilikimbia hivyo miaka, Mawe."

Nilizikumbuka mbio zile. Alikuwa akifika akihema, mkoba unapigapiga mgongoni, akisimama mlangoni kunitazama. Majirani walicheka, wakasema, "Huyu anampenda mama yake!" Nami nilicheka nao. Mimi mwalimu, niliyekuwa nikimtambua mtoto wa mwenzangu mwenye mzigo moyoni kabla hajafungua daftari, wa kwangu sikumtambua.

Machozi yalinijia, nikamwona akiyaona, na nikaona mkono wake ukianza kusogea juu ya shuka kuja kwangu. Nikainuka. Nikasema naenda kumchinja kuku. Huko uani rafiki yake alinipa kigoda na kisu, akanishikia miguu ya kuku.

Nilikaa siku nne. Nilifua, nilipika supu, nilimshika kiwiko akienda kuoga. Habari zangu sikuzitia mdomoni. Sikujua jinsi ilivyo vigumu. Nilipozinyamazia hizo, niligundua sina mengine ya kusema naye. Tulikaa chumba kimoja kama watu wanaosubiri zamu yao kwenye ofisi. Alipofika rafiki yake jioni kutoka shuleni, chumba kilichangamka.

Asubuhi ya kuondoka, nikiwa nafunga mfuko, binti yangu akasema akiwa ameelekea dirishani, "Daktari anasema huenda nisipate mtoto."

Maneno yalinijaa kooni: mimi na wajukuu niliowaota, mimi na nyumba yangu tupu. Yote yalikuwa yangu. Nikayameza.

"Wewe unaonaje?" nikamwuliza.

"Bado sijajua."

"Haya, mwanangu."

Ni hayo tu tuliyosema. Nadhani ndiyo mara ya kwanza yeye kuniambia jambo, likabaki kuwa lake.

Tangu hapo simu za Jumapili zimekuwa fupi. Namwuliza hali, ananijibu kwa ukweli, tunaagana. Dakika zinazobaki ni zangu. Nimejaribu kuzungumza na yule mama aliyenipa pole, tukienda sokoni pamoja, lakini ana wajukuu wanne nyumbani na hutembea haraka. Urafiki wa uzeeni unachelewa kuota. Siku nyingine nazungumza na migomba, naisikia sauti yangu mwenyewe, naacha.

Mwezi uliopita alikuja Kitendaguro na rafiki yake yule, wikiendi moja. Waliketi kwenye mkeka uani huku mimi nikipika ndizi na samaki. Nilimsikia binti yangu akicheka kicheko nisichokijua, cha tumbo kabisa, mpaka akakohoa. Sijui walikuwa wanasema nini. Nilipotoka na sinia walinyamaza wote wawili, wakainuka kunipokea, wakanishukuru kwa adabu.

"Kaa nasi, Mawe," binti yangu alisema.

"Nakuja," nilisema. "Nimeacha maji motoni."

Hakukuwa na maji motoni. Nilirudi jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikajipakulia. Baada ya muda nikawasikia wameanza tena. Nikala taratibu nikiwasikiliza.