Tumba la Secilia

Mimi maua ninayoyajua ni ya maboga, kwa sababu yanaishia kwenye sufuria. Hayo mengine niliyaona kazi ya watu walioshiba, na jirani yangu Secilia nilimwambia hivyo usoni, maana sina tabia ya kusema watu pembeni.

"Mwenzangu, tunakula unga wa njano wa msaada, na wewe unapangusa majani kwa kitambaa?"

Alikuwa akicheka tu. Lakini kipupwe cha mwaka sabini na nne hakucheka, na mimi nikaanza kuogopa pamoja naye.

Secilia alikuwa mkulima wa hapa Gare kama sisi sote: mahindi, maharage, migomba, na zamu yake kwenye shamba la kijiji. Kabla ya Uhuru alifanya kazi ya bustani kwa Mama Hilda, bibi wa Kizungu aliyekaa karibu na Lushoto, na huko ndiko alikoambukizwa ugonjwa wa kupenda maua ya okidi. Si zile za msitu wetu zinazong'ang'ania miti. Zake asili yake ni visiwa vya mashariki ya mbali, kwenye joto, na kwa kuwa ua lake hukaa kama nondo aliyetandaza mbawa, sisi tuliziita nondo, basi.

Wapenda okidi walikuwa na chama chao, kikikutana Lushoto kila baada ya miezi michache. Wazungu wengi walishaondoka. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Cosmas, mstaafu aliyependa sheria kuliko chai. Kulikuwa na Athumani, mwuza viungo wa Muheza, ambaye kwao joto ni la bure, kwa hiyo nondo zake zilikuwa kubwa kama visosi. Miaka hiyo kila mwanachama alitaka ua jeupe, pana, la mviringo, lisilo na doa. Secilia akasema weupe mtupu unamchosha. Akachukua chavua ya ua jeupe la Athumani, akaipaka kwenye nondo yake ndogo ya rangi ya waridi. Wenzake wakamcheka kwamba anachafua mbegu nzuri.

Mbegu zenyewe ni vumbi. Huoteshwa ndani ya chupa, na Mama Hilda alimsaidia. Ukungu ukaharibu karibu chupa zote, baridi ikamaliza miche iliyopona, ukabaki mmoja. Wakati huohuo habari zikaja kutoka Ulaya kwamba mtindo umegeuka, sasa watu wanataka maua yenye rangi kwenye mdomo, ile petali ya katikati, na wale waliocheka wakaanza kuulizia hali ya mche wa Secilia. Binadamu ndivyo tulivyo.

Lakini yeye hakuwa na shida na mtindo. Mwaka aliopaka ile chavua, binti yake Klara, mtoto wake wa pekee, alikufa kwa kichomi akiwa bado shuleni. Kwetu jina la marehemu humrudia mjukuu, na la Klara halikuwa na pa kurudi. Baada ya matanga Secilia alituomba tusimwite tena Mama Klara. Tukatii, akawa Dada Secilia. Tangu hapo mimi sikumsikia akilitamka jina lile, hata kanisani.

Mumewe Paskali ndiye aliyenifunulia siri yake. Aina mpya ya okidi hupewa jina na aliyeizalisha, na jina hilo huandikwa kwenye orodha huko Ulaya likabaki humo daima. Secilia alitaka yake iitwe Klara. Ila chama kilikuwa na sheria: hakuna jina mpaka wanachama waone ua limefunguka. Na aliyekuwa akipeleka majina huko Ulaya ni Mama Hilda peke yake, ambaye alikuwa ameuza nyumba, anarudi kwao moja kwa moja baada ya mkutano wa mwezi wa saba. Nyumba yake ya vioo, walimotunzia mimea isipigwe na baridi, ilifungwa, kila mtu akachukua mimea yake. Hivyo ndivyo ule mche ulivyoletwa Gare kwenye ukungu na baridi, ukiwa na matumba matano.

Basi tukaishi roho juu. Asubuhi nikienda kuomba moto nilimkuta amechuchumaa mbele ya chungu, anayatazama matumba bila kupepesa. "Yudith, limeongezeka hili?" Mimi nitajua wapi? Nikasema limeongezeka. Jikoni aliogopa moshi, chumbani aliogopa baridi. Chakula kilikuwa hakipiti.

Paskali alishindwa kuvumilia. Alikuwa amevundika ndizi za sokoni kwenye stoo, akaona mle mna joto kama chini ya kuku anayeatamia. Secilia alipokwenda kwenye zamu ya kijiji, akauingiza mche mle, akaegesha mlango. Aliporudi akamwonyesha, naye akafurahi. Siku mbili walifurahi. Asubuhi iliyofuata matumba manne yalikuwa ya njano, yamelala chini kwenye vumbi. Lilibaki la nchani.

"Nimefanya nini mimi?" Paskali akauliza.

Secilia akayaokota moja moja, hakumgombeza. Ningependa amgombeze.

Siku ya mkutano tulishuka watatu kwa miguu hadi Lushoto, Paskali amekifunika chungu kwa koti lake. Tumba lilikuwa limevimba lakini limefumba. Ukumbini Athumani aliutazama mche, akakiangalia kile kikonyo kilichonyolewa, akauliza kwa upole, "Uliwekwa karibu na ndizi zinazoiva? Kwetu Muheza tulishaumia. Ndizi ikiiva, nondo inaangusha matumba." Paskali akatazama mikono yake.

Mwalimu Cosmas alivua miwani. "Dada Secilia, sheria tuliitunga wenyewe. Tumba halina rangi wala umbo. Tutaandika nini?"

"Likingojewa siku chache litafunguka, Mwalimu," akasema Secilia.

"Mama Hilda, unaondoka lini?"

"Kesho asubuhi," Mama Hilda akajibu.

Nilitamani nimpige mtu, sikujua nani. Secilia akasimama, akakivuta chungu kwake, akaweka ukucha kwenye ncha ya tumba.

"Usilifungue, dada!" Athumani akaruka. "Litakufa hapohapo. Na mche huu sijui kama utaivuka baridi utoe jingine."

"Najua," akasema.

Akalifungua. Alikunjua petali moja baada ya nyingine, polepole, kama anayemvua mtoto nguo zilizolowa. Ndani mlikuwa na weupe uliojikunja, bado una unyevu, na katikati mdomo mwekundu kama kahawa iliyoiva mtini. Petali ya kwanza ilikuwa imeshaanza kulegea.

"Nimeona," Mwalimu Cosmas akasema. "Sote tumeona. Jina?"

Secilia akafungua mdomo, jina lisitoke. Niliuma ulimi nisije nikalisema kwa niaba yake. Paskali alikuwa analia waziwazi mbele za watu, mtu mzima na koti lake mapajani.

"Klara," akasema. Halafu akarudia, kwa sauti. "Klara."

Mama Hilda akaandika.

Tulirudi kwenye manyunyu. Paskali alitembea mbele na chungu, kina majani manne na kikonyo kitupu, na kwa kuchanganyikiwa alikuwa amelivaa koti mwenyewe.

"Paskali," Secilia akamwita, "mfunike Klara. Kuna baridi."

Akavua koti akamfunika. Mimi miguu ilikuwa imechoka, nimeachwa nyuma kwenye mwinuko, na jina nililolimeza miaka yote ile likanitoka lenyewe.

"Mama Klara! Nisubirini!"

Akasimama, akageuka.

"Abee," akaitika.