Hapa Nani

Kwa miaka kumi na mmoja Mercyline Oloo amekuwa akiandika habari za marehemu, na hajawahi kukosea jina hata moja. Duka la uchapishaji analofanyia kazi liko ghorofa ya pili pale River Road, juu ya wauza mabomba na misumari, na kazi yake ni vile vijitabu vya mazishi vyenye picha ya marehemu mbele na ratiba ya ibada ndani. Wafiwa humletea karatasi zilizokunjwakunjwa, majina ya wajukuu yameandikwa kwa kalamu iliyokuwa ikiisha wino. Huketi nao akawasomea majina yote kwa sauti, mara mbili. Kuuliza si ujinga, huwaambia. Ujinga ni kuchapisha nakala mia tatu zenye jina la jirani.

Mwaka juzi alijiunga na darasa la Jumamosi katika ukumbi wa kanisa lao Kawangware, ambako mwalimu mmoja, Kimanzi, alikuwa akifundisha lugha ya kompyuta ya watu wanaoanza. Vijana walitaka kutengeneza michezo ya magari. Mercyline, aliyekuwa mkubwa kuliko wote darasani, alinasa kwenye somo la tatu na hakutaka kutoka hapo: amri za kuweka maandishi kwenye skrini. Kuna amri ya kuandika neno. Kuna amri ya kupeleka kielekezi, kile kimstari kinachopepesa kikingoja herufi, hadi mstari unaoutaka na nafasi unayoitaka. Unakiambia mstari wa ishirini, nafasi ya kumi, nacho kinakwenda papo hapo, na neno linaanzia palepale ulipotaka lianzie. Kwa mtu aliyezoea kupanga majina ya watu kwenye karatasi, hiyo ilikuwa raha tupu.

Mwezi wa tano mwaka huu kiharusi kikampiga baba yake.

Mzee Oloo alikuwa seremala Dagoretti Corner, mtu wa vitanda na makabati, mwenye maneno mengi kuliko misumari. Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Alibaki na macho, na kidole gumba cha kushoto. Akalazwa kwenye hospitali kubwa upande wa Upper Hill, na wiki mbili za kwanza watu walimzungumzia juu ya kichwa chake kama vile hayupo. Mercyline aliona jinsi macho ya baba yake yalivyokuwa yakiwafuata waliozungumza, na moyo ukamuuma asiweze kulala.

Akatengeneza programu. Upande wa kushoto wa skrini aliandika maneno kumi, kila neno mstari wake: MAJI, CHOO, BARIDI, NAUMWA, NDIYO, HAPANA, ASANTE, na mengine. Alama ya nyota ilikuwa ikishuka polepole kutoka neno hadi neno, na ikifika chini inarudi juu. Mzee aliwekewa kidole gumba juu ya kile kitufe kirefu cha chini kwenye laptopu. Nyota ikifika kwenye neno lake, anabonyeza, na neno linaandikwa upya peke yake kwenye mstari wa mwisho. Aliyaandika kwa Kiswahili ili manesi wasome. Na alichunga jambo moja: kompyuta haifuti kitu kama hujaiambia ifute. Ukiandika neno fupi juu ya neno refu, mkia wa lile refu unabaki. Kwa hiyo kabla ya kila neno aliiamuru iandike nafasi sita tupu kufuta lililotangulia, kwa sababu hakuna neno kati ya yale kumi lililozidi herufi sita.

Siku ya kwanza Mzee aliomba maji, akapewa maji. Mama yake, Philister, alikaa kwenye kiti cha plastiki akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Baadaye Mama aliomba neno moja liongezwe. Kati yake na mumewe kulikuwa na jambo la miaka tisa. Mzee alimkatalia Mama kwenda kumzika mama yake mzazi, akisema kulikuwa na kazi ya vitanda vya shule, na halikuzungumzwa tena. "Muwekee NISAMEHE," Mama alisema, "halafu tuone." Mercyline akaliongeza, na palepale akaongeza KANISANI, kwa ajili ya Jumapili. Alikuwa na haraka ya kurudi kazini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Ufa wake yeye ulikuwa na upana wa herufi mbili.

Jumapili saa ya kutembelea wagonjwa walikuwa watu watatu kando ya kitanda. Baba mdogo Clifford, aliyefika kutoka Ugenya, kijijini kwao, alikaa karibu na kichwa cha mgonjwa, mbele ya skrini. Clifford ni mzee wa kanisa, amezoea kusomea watu wengine, naye akajipa kazi hiyo bila kuombwa. Mercyline na mama yake walisimama miguuni, ambako skrini iliwapa mgongo.

"NISAMEHE," Clifford akasoma.

Mama alizunguka kitanda akaja kuliona kwa macho yake. Aliliangalia muda mrefu. Kisha akaushika mguu wa mumewe juu ya blanketi, ule usiosikia, akaukandakanda.

"KANISANI," Clifford akaendelea, na wakaomba pamoja. Baada ya maombi Mzee akabonyeza tena. Clifford aliinama, akasoma, akainuka taratibu.

"NYUMBANI. Mmeona? Mwenyewe amesema. Anataka kwenda home."

Hapo pana jambo ambalo kila mtu wa magharibi mwa Kenya anayeishi Nairobi analijua. Nairobi una nyumba. Nyumbani ni kule ulikozaliwa, ambako baba yako amezikwa. Mgonjwa mzee akisema nyumbani, habishaniwi, kwa sababu anasema zaidi ya hilo: anasema amechoka. Clifford akatoa simu akapiga Ugenya palepale, wafyeke nyasi mbele ya nyumba. Gari lingekuja Jumanne asubuhi. Daktari alikuwa amesema mazoezi ya mkono yameanza kushika na yakatizwe kwa sababu nzito tu, lakini neno la mwenye mwili ni sababu nzito.

Mzee akabonyeza.

"HAPA NANI," Clifford akasoma. "Anauliza hapa ni nani. Ni mimi, omera! Clifford! Brother yako!"

Mzee akabonyeza tena. "Hapa nani," Clifford akasema, sauti ikishuka. "Shemeji, jitambulishe." Mama akasogea akasema ni Philister. Mara ya tatu Mercyline akaita kutoka miguuni. "Ni mimi, Baba. Ni Mercy." Mzee alimkazia macho yaliyojaa maji, akabonyeza mara ya nne, na Clifford akafunga laptopu kwa upole akisema wasimchoshe, akili imeanza kwenda.

Jumatatu asubuhi Mercyline aliketi kazini na kitabu cha mazishi cha mtu mwingine mbele yake, akashindwa kusoma. Gari lilikuwa linakuja kesho, lakini lililomtafuna lilikuwa lile swali. Baba yake alimuuliza yeye, mtoto aliyemfundisha kutembea, kwamba ni nani. Akaitoa laptopu, aliyorudi nayo jana, akaanza kuongeza majina ya watu wa familia kwenye orodha, ili Mzee awe nayo huko aendako, asisahau. Aliandika PHILISTER. Akajaribu: akabonyeza PHILISTER, halafu akabonyeza HAPANA.

Shiko, mwenzake wa meza ya pili, alichungulia. "HAPANATER? Hiyo ni nini sasa?"

Mercyline aliinama kwenye skrini. Alihesabu herufi kwa kidole. Philister ni tisa, nafasi za kufuta ni sita, tatu zimebaki. Akazima programu, akaiwasha upya, akabonyeza KANISANI. Kisha akabonyeza NYUMBA.

Skrini ikasema NYUMBANI.

Alifungua orodha. NYUMBANI haikuwamo. Hakuwahi kuliandika. Aliandika NYUMBA, ile ya vyumba viwili Kawangware ambako Mzee ameishi na Mama miaka thelathini na mmoja, ili akitaka aulizie. Akabonyeza HAPANA. Ikatoka HAPANANI, zimeshikana, na ile NI ya kanisani imekaa mwishoni kama mgeni asiyeaga.

Hapa nani. Baba yake alikuwa anasema hapana. Mara nne alisema hapana, na wao wakawa wanamtajia majina yao.

Kwa Kijaluo, lugha yao wenyewe, kosa lile lisingewezekana. Nyumba ni ot, nyumbani ni dala, na hakuna herufi hata moja inayofanana. Lakini Mercyline alichagua Kiswahili kwa ajili ya manesi, na Kiswahili kiliongezewa herufi mbili kikamhamisha baba yake kutoka kaunti hadi kaunti. Alilia mezani, mbele ya wateja, wala hakujificha. Kisha akarekebisha: badala ya nafasi sita, thelathini. Ilimchukua muda wa kupiga chafya.

Alitembea hadi Upper Hill, karibu kukimbia, na njiani aliona ubaya mwingine. Mzee alikuwa anasikilizwa kwa sababu moja tu, kwamba watu waliiamini ile mashine. Mercyline akisema imedanganya mara moja, nani ataamini tena neno lolote linalotoka kwa kile kidole? Akinyamaza, Mzee ataondolewa kwa nguvu. Akisema, huenda akamnyang'anya ulimi wa pili.

Aliwakuta Mama na Clifford kando ya kitanda, nguo za Mzee zikiwa tayari ndani ya mfuko.

"Baba mdogo, hiyo gari uipigie isikuje," alisema. "Baba hakusema nyumbani."

"Si nilisoma na macho yangu?"

"Ulisoma vizuri. Mimi ndio niliandika vibaya." Akawaeleza, na herufi akawahesabia kwa vidole. Alipofika kwenye hapa nani, ikabidi aanze upya.

Clifford alizihesabu tena kwa vidole vyake mwenyewe. Kisha akasema, bila ukali, na hilo likauma zaidi: "Sasa, nyathina, mwanangu, hizi wiki zote nani amekuwa akiongea? Yeye ama wewe?"

Mercyline alianza kuitoa laptopu. Mama alimvuta mkono.

"Mercy. Na lile langu?"

Alijua analoulizwa. Angeweza kumjibu haraka kwa kumwonea huruma, lakini alilipima kwanza kama anavyopima jina la marehemu. "NISAMEHE ni herufi nane, Mama. Kabla yake hakukuwa na neno refu kama hilo, kwa hivyo hakuna kitu ingebaki. Hiyo ni yake. Yote."

Mama akaitikia kwa kichwa, akageukia dirishani.

Mercyline akaiweka laptopu, akakiinua kile kidole gumba akakiweka mahali pake. Nyota ikaanza kushuka. Ikashuka hadi mwisho, ikarudi juu, ikashuka tena. Kidole hakikusogea. Mzee alikuwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kusema yake akapuuzwa. Clifford aliguna, akatazama saa.

Mercyline akapiga magoti sakafuni, mdomo wake karibu na sikio la baba yake. "Baba, Jumapili ulisema hapana. Ulisema mara nne. Sisi ndio hatukusikia, na kosa ni langu. Nisamehe. Kuhusu kwenda Ugenya, sema tena."

Nyota ilizunguka mara mbili zaidi. Kisha macho yakafunguka, na kidole kikabonyeza.

HAPANA.

Clifford alikuwa ameshafungua mdomo, jina lake likiwa ulimini. Akaufunga. Aliuangalia ule mstari hadi mwisho wake, akapitisha kidole kwenye kioo mahali palipokuwa patupu baada ya herufi ya mwisho.

"Nimesikia, omera," alisema. Akasimama, akatoa simu, akatoka nje kumpigia mwenye gari.

Mzee akabonyeza tena. HAPANA. Nyota ikashuka, ikarudi, naye akaingojea, akabonyeza mara ya tatu. Mama alikuwa amegeuka kutoka dirishani. Mercyline alibaki sakafuni, akisoma kila mara kwa sauti, na hakuna aliyemwambia Mzee kwamba inatosha.