Zimelala

Pale maabara hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Darubini, maana miaka kumi na minne jicho lake lilikuwa halibanduki kwenye darubini. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mbegu za wanaume waliokosa mtoto: ngapi zinaogelea, ngapi zinajizungusha mahali pamoja, ngapi hazitikisiki. Hizo za mwisho maabara nzima ilisema "zimelala". Lilikuwa neno la huruma. Mwenye nazo hutoka mlangoni akidhani ipo namna ya kuziamsha.

Asubuhi hiyo alikuwa akizitazama zake mwenyewe, chini ya namba ya kubuni. Vichwa vizima, mikia mirefu. Akatia rangi nyekundu, ambayo huingia kwenye mbegu iliyokufa tu. Haikuingia. Zilikuwa hai, kimya. Basi kasoro iko ndani: ama kwenye mitokondria za shingoni, zinazoupa mkia nguvu, ama kwenye nyuzi za mkia wenyewe. Darubini ile haikufika huko.

Dada wa meza ya pili akachungulia. "Ala! Vijana wa huyu bwana wamegoma?"

"Wanangoja posho," akajibu, akacheka naye.

Simu ikaita. Mkewe.

"Nipo hospitali na mama yako. Kesho wananipasua, watazame mirija ya uzazi. Wanataka saini yako."

Akatoka hadi kwenye ngazi. Hapakuwa na mtu.

"Usikubali kupasuliwa."

"Kwa nini?"

"Zangu zimelala."

"Sema Kiswahili, bwana. Mimi si mtu wa maabara."

Akaegemea ukuta. "Hazitembei. Hata moja. Tatizo ni mimi, si wewe."

"Umejua lini?"

"Mwaka jana. Leo nilikuwa nahakikisha."

"Mwaka mzima nakunywa madawa machungu ya mama yako, nawe umekaa unanitazama." Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Huyu hapa. Mwambie mwenyewe."

Simu ikabadili mikono.

"Mwanangu? Mbona mwenzio ananiachia simu anaondoka? Kuna nini?"

Nyuma ya sauti ya mama alisikia viatu vya mkewe vikishika korido, vikififia. Akangoja visimame. Havikusimama.

"Mama," akasema, "keti kwanza. Si yeye."