Baba Mdogo Alivyoshindwa na Nyani

Kazi yangu maabarani ni kulinganisha vipokezi vya kingamwili, vya watu na vya nyani. Baba mdogo alijitolea kutoa damu alipokuja Nairobi kung'oa jino. Alitia sahihi fomu, akakunja mkono wa shati, kisha akarudi kijijini kwetu Ikonge na kutangaza kwamba sasa anasaidia sayansi.

Nilipoenda nyumbani likizo, alinikuta jikoni kwa mama nikimenya ndizi.

"Majibu yametoka?"

Nikamweleza polepole. Kingamwili hukamata kijidudu, halafu mkia wake hushikwa na kipokezi kilicho juu ya seli ya ulinzi, na hapo kijidudu humezwa. Vipokezi vyetu na vya nyani vinafanana sana, ila kuna aina moja ya kingamwili ambayo vyetu huishika kilegevu, na vya nyani huishika barabara.

Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo nyani amenishinda."

"Si wewe, Baba. Ni binadamu wote."

"Damu ilikuwa yangu."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Jumamosi, siku yetu ya Sabato, tulipofika kanisani tulikuta habari imetutangulia. Mzee wa kanisa alimshika baba mdogo mkono akampa pole, kwa sauti ile ya matangani.

Kesho yake asubuhi alikuja tena, amevaa koti la kanisani, mkono wa kulia wa koti umekunjwa mpaka kwenye kiwiko.

"Mlichota mkono wa kushoto," akasema. "Mimi nalima kwa huu."

Nikamwambia damu ni ileile mwili mzima.

"Umepima?"

Sikuwa nimepima. Basi tukasafiri pamoja hadi Nairobi, akatia sahihi fomu nyingine, na muuguzi akachota mkono wa kulia huku baba mdogo akiisimamia sindano kama mkulima anayechunga mizani akipimiwa majani ya chai.

Majibu yalipotoka nilimpigia simu.

"Ni yaleyale, Baba."

Niliogopa nimemvunja moyo.

"Huyo nyani," akauliza, "analishwa nini?"

Nikamtajia matunda na karoti, bila kufikiria.

Mama ananiambia siku hizi baba mdogo anachuma chai mfuko umejaa karoti, na mke wake amezipanda pale palipokuwa na sukumawiki. Jana baba mdogo mwenyewe alinipigia kuniuliza kama nitakuwa maabarani mwezi ujao.