Bibi Harusi Aliyesogezwa Kulia

Kwa wanawake wa mtaa wa Mkomani mimi ni mpiga picha mzuri kwa sababu moja kubwa: ni mwanamke. Sifa nyingine zinafuata, zikiwapo. Siku ya kupamba, bibi harusi anapovuliwa buibui na kuketishwa jukwaani na dhahabu zake na asumini zake, hakuna mwanamume anayekanyaga ua ule, hata awe na kamera ya kupigia nyota. Kwa hiyo huitwa mimi, mwalimu wa hesabu kutoka bara, niliyeletwa Lamu na barua ya uhamisho na kubakizwa na halua.

Kisha nikapata mwenzangu. Ni muuguzi, naye mwanamke wa bara, mtu aliyezoea kutazama mashine kabla ya kumtazama mgonjwa. Alinunua kamera kubwa kuliko yangu, akasoma kozi kwenye mtandao, na alipoimaliza alikuwa kama mtu aliyeokoka jana: hakuna aliyekutana naye akapita bila kuhubiriwa.

"Picha haiangaliwi kwa macho, dada," aliniambia. "Macho yanadanganya. Angalia histogramu."

Histogramu ni ule mchoro mdogo wa vilima unaotokea pembeni mwa kioo cha kamera. Upande wa kushoto ni weusi, upande wa kulia ni weupe. Picha ikiwa na giza, vilima vinajazana kushoto. Ikiwa na mwanga mwingi, vinajazana kulia. Hayo ninayajua. Michoro ya namna hiyo nawafundisha watoto wa watu kila muhula, na pengine ndiyo maana siiabudu. Lakini mwenzangu alikuwa ameamriwa na mtu wa kwenye kozi kwamba kilima kizuri hukaa katikati, na tangu siku hiyo alikipeleka kila kilima katikati, kitake kisitake. Alimpiga picha punda mweusi wa jirani yake, punda akatoka kijivu kama majivu ya jiko. "Sasa iko sawa," alisema. Punda hakuulizwa.

Mimi nami nilikuwa na imani yangu: jicho. Nilijisifu kwamba nikitazama kioo cha kamera najua. Jicho hilo lilikuwa limekwisha kuhitaji miwani, na miwani nilikuwa nimeiacha shuleni, lakini hayo sikumwambia mtu.

Basi tukaitwa wote wawili kwenye kupamba ya binti mmoja wa kisiwa cha Kiwayu aliyeolewa katika nyumba ya zamani ya Mkomani, moja ya zile nyumba ambazo kuta zake ni nene na wenyewe wanataja babu saba bila kupumua. Bibi harusi alikuwa mweusi, mweusi mzuri wa kung'aa, na mama wa bwana harusi alikuwa amelitambua jambo hilo mapema kuliko ilivyohitajika.

Baada ya magharibi alitushika mikono mlangoni, simu za wageni zilipokuwa zikikusanywa kwenye kapu.

"Ndooni hapa," alisema kwa Kiamu chake, kwa sauti ya chini. "Mwanamke huyu mumtie nuru. Picha itakaa yuu ya ukuta wangu. Sitaki watu waulize kama taa zilizimika."

"Usijali, mama," alijibu mwenzangu. "Mashine itatuonyesha."

Bibi harusi alitoka amevaa gauni la mahameli ya kijani kibichi kilichokolea, nyuma yake pazia la rangi ya damu ya mzee, kando yake shangazi na mabibi wengine ambao hawakuvua mabuibui yao. Kila kitu pale kilikuwa cha rangi nzito. Mwenzangu alipiga moja, akainamia kamera, akashtuka kama aliyeona homa ya arubaini.

"Imejaa kushoto! Giza tupu!"

"Si giza," nikamwambia. "Ni vitu vyeusi. Mweusi anakaa upande wa weusi."

"Wewe unakisia. Mimi nasoma."

Akaongeza mwanga, akapiga. Akaongeza tena, akapiga. Kilima kikapanda polepole kuelekea kulia kama mzee anayepanda ngazi, mpaka kikafika katikati, naye akatabasamu. Mimi upande wa pili nilikuwa nikipiga kwa jicho langu, huku taa za jukwaani zikinichoma na kioo cha kamera nimekiongezea ung'avu mpaka mwisho. Kila picha niliyoitazama iliniambia mimi ni hodari.

Siku chache baadaye tulikwenda kuonyesha kazi kwenye kompyuta, tumekaa na mama mkwe na bibi harusi wake. Tukaanza na za mwenzangu. Mahameli yalikuwa yamegeuka rangi ya sukuma wiki iliyochemka. Na bibi harusi, masikini, alikuwa kama aliyeanguka ndani ya gunia la unga akatolewa kwa miguu.

"Mashallah!" mama mkwe akapiga makofi. "Huyu sasa ndiye!"

Bibi harusi alisogea karibu, akatazama kwa utulivu.

"Huyu ndiye nani?" akauliza.

Tukaingia kwenye zangu. Humo bibi harusi alikuwa na rangi yake mwenyewe, na uso wake ulisomeka. Nikaanza kujinyoosha kitini. Ndipo mama mkwe akasogeza kidole kwenye kioo.

"Na mamangu yuko wapi? Alikaa hapa."

Nikainama kutazama. Mama yake, bikizee wa watu mwenye buibui lake, alikuwa amezama mzima katika pazia. Zilikuwa zimebaki hereni mbili za dhahabu na meno ya bandia.

"Ndiye huyo, mama," nikasema. "Hapo kwenye hereni."

Mwenzangu alikohoa kikohozi cha furaha. Picha ya unga ikachaguliwa, ikakuzwa, ikatiwa fremu ya dhahabu na kutundikwa katika chumba cha ndani, pale wanawake wanapopokeana.

Yaliyofuata nilisimuliwa na bibi harusi mwenyewe. Wageni walikuja kumwangalia mwali, wakanywa kahawa, wakainua macho ukutani. Wa kwanza akauliza, kwa adabu zote, yule mwanamke ni nani.

"Ni mke mwenzangu," bibi harusi akajibu, akimmiminia kahawa. "Tuliolewa siku moya."

Alisema hivyo kwa mgeni wa pili, na wa tatu, kwa uso ule ule mkavu. Mkomani habari haihitaji mguu. Halikupita juma moja, mjomba wa bwana harusi akamkalisha mpwawe barazani akamuuliza kwa nini ameoa wake wawili kwa mpigo bila kuwaambia wazee, na huyo mweupe ni wa ukoo gani. Kijana akaapa hana ila mmoja. Mjomba akamwambia asiape bure, mkewe mjomba amemwona yule mwingine kwa macho yake, ana fremu ya dhahabu.

Mama mkwe alitupigia simu asubuhi yake. Hakusalimu.

"Ndooni mumuondoe mwanamke wenu!"

Tulipofika alikuwa ameshaiteremsha picha na kuigeuzia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Bwana harusi alikuwa amekimbilia kazini. Bibi harusi alikuwa uani, karibu na birika la maji lililojengwa hapo, amevaa leso tu na kanzu ya nyumbani, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Pigeni nyingine," alisema. "Hapa hapa. Kuna mwangaza."

Mama mkwe akataka avae gauni. Akakataa. Akataka apakwe poda. Akakataa tena, akaketi juu ya ukingo wa birika, akatutazama. Mimi safari hiyo nilikuwa na miwani yangu, lakini betri ya kamera yangu ilikuwa imekufa, kwa hiyo jicho langu lilibaki bila kazi. Mwenzangu akapiga, na kama kawaida akainama kutazama vilima vyake.

"Bado imekaa kushoto," alisema kwa wasiwasi.

"Iwache ikae," bibi harusi akamwambia. "Ni kwao."

Mwenzangu akanitazama mimi. Somo hilo nilikuwa nimeshalifundisha. Akaiacha.

Ndiyo iliyoko ukutani sasa. Mama mkwe hampiti mgeni bila kumweleza: mwali wake ni mweupe kuliko anavyoonekana hapo, ila hawa wapiga picha wa bara hawajui kazi.