Bei ya Visiki Vitatu

Dada yangu mkubwa, ambaye sisi watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunamwita yaya, hana adabu mbele ya bei. Mtajie bei yoyote, ataitazama kama mgeni aliyeingia kwake bila kupiga hodi. Nimekua nikiona haya sokoni kwa sababu yake, na leo naandika kumsifu.

Wakati huo tulikuwa tumerudishwa kambini Dzaleka, huku Malawi. Kwa miaka mingi yaya alipanga chumba Area 18, mjini Lilongwe, akishona nguo. Agizo lilipokuja kwamba wakimbizi warudi kambini, alirudi na cherehani yake ya miguu na ovaloki, ile mashine ya mota inayofunga pindo za nguo zisifumuke. Ovaloki ndiyo iliyomtofautisha na mafundi wengine; kwaya na shule zilimfuata kwa ajili yake. Alihitaji chumba cha kazi, na wazee wa kanisa wakampa kiwanja kidogo nyuma ya kanisa. Tulifyatua matofali ya udongo, tukayaanika. Mvua zilikuwa zinakaribia, na tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa matope.

Kiwanjani palikuwa na visiki vitatu vya mikaratusi, miti ambayo kanisa lilikuwa limeikata na kuiuza kama nguzo. Mwashi alivitazama akakataa kuweka hata tofali moja. Alisema mkaratusi haufi kwa kukatwa, ungechipua ndani ya nyumba na kupasua sakafu. Tulijaribu kuchimba. Wanaume wawili wa kibarua walihangaika asubuhi nzima na kisiki kimoja, mpini wa jembe ukavunjika, wakala nsima yetu, ugali wa huku, wakaenda zao.

Yaya akampigia simu mkandarasi mmoja Mmalawi, ambaye yaya aliwahi kumwona Area 18 akisaga visiki kwa mashine katika uwanja wa jirani. Alikuja kwanza bila mashine, kupima. Alikuwa mtu mpole, buti zake zimejaa vumbi la mbao. Aliweka futi yake chini kabisa ya kisiki, pale mizizi inapotanuka. Yaya akatoa shingoni futi yake ya kushonea, akapima juu, palipo pembamba.

"Mwambie," aliniagiza, "kwetu muntu banamupimaka kiuno. Habamupimake miguu."

Nilitafsiri kwa Kichewa changu, nikitamani ardhi inimeze. Mkandarasi alicheka mpaka akakaa juu ya kisiki. Kisha akamweleza, akimwita amayi, kama wanavyomwita mama yeyote huku. Meno ya mashine huliwa na mchanga, na mchanga uko chini, kwenye miguu hiyohiyo. Petroli mjini watu wanaikeshea foleni. Gari la kuivuta mashine mpaka Dzaleka nalo linakunywa petroli. Mwisho akataja jumla, akapunguza kidogo kwa ajili ya kicheko, lakini hata baada ya kupunguza ilikuwa ni bei ya ovaloki nzima.

Hatukuambiana, ila sote wawili tulikuwa tumepiga hesabu ileile. Angepata chumba akose ovaloki, au abaki na ovaloki na matofali yayeyuke. Yaya alituma habari mjini kwamba anauza ovaloki.

Baada ya siku chache alikuja mfanyabiashara wa Kinyarwanda mwenye duka Tsoka, soko la mji mkongwe Lilongwe. Alikuja kuijaribu ovaloki kabla ya kuinunua. Tulivuta waya wa umeme kutoka kanisani. Meza hatukuwa nayo pale, basi yaya akaiweka mashine juu ya kisiki kikubwa cha kona, kilichokuwa kimekatwa karibu sawasawa, akaiwasha. Mnunuzi aliinama kusikiliza mota. Mimi nilitazama kando, maana moyo ulikuwa unaniuma.

Kule Area 18 ovaloki ilikuwa ikiitetemesha meza mpaka mikasi inaanguka, na yaya alikuwa akichomeka vitambaa chini ya miguu ya meza ili itulie. Juu ya kisiki ilitulia tuli. Pindo lilitoka limenyooka kabisa. Alishona kitambaa cha pili, akashona cha tatu, mnunuzi akisubiri, halafu akaizima na kuweka kiganja juu ya kisiki.

"Baba, unisamehe," alimwambia. "Siuzishe tena."

Yule mtu aliondoka akilalamikia nauli yake, na alikuwa na haki. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikiomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima.

Yaya akamwita tena mkandarasi, safari hii kwa kisiki kimoja tu, kile cha mlangoni. Viwili vingebaki ndani ya chumba, kimoja kibebe ovaloki na kingine kibebe meza ya kukatia vitambaa. Nilidhani mkandarasi angekasirika. Alikagua kamba za msingi, akatikisa kichwa, akacheka tena. Mashine yake ilikula kisiki cha mlangoni kama sabuni inavyoisha majini, vumbi likanukia dawa ya kifua kiwanja kizima. Angeweza kuchukua fedha yake aondoke. Badala yake alipiga magoti na panga, akamwonyesha yaya jinsi ya kuvua gome la vile viwili mpaka chini ya udongo, asiache hata upana wa kidole, visije vikachipua. Kisha akavisawazisha juu kwa msumeno wa mota na hakuongeza bei. Nilimpenda sana mtu yule. Yaya alimlipa kwa fedha aliyolipwa kwa sare za kwaya, akamwambia zikomo, yaani asante, bila kubishana, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Mwashi alikuna kichwa, akajenga. Bati lilipanda kabla ya mvua.

Siku ya kuingiza mashine, yaya alikuwa amenunua skrubu ndefu nene za kuikaza ovaloki kwenye kisiki. Mimi zilinitia hofu. Dzaleka hatukazi vitu. Hata vitanda tunanunua vinavyofunguka, kwa sababu siku yoyote jina lako linaweza kuitwa kwa safari ya ng'ambo, au likaja agizo jingine.

"Yaya," nilimwambia, "na bakituhamisha tena?"

Alikuwa amepiga magoti, skrubu mdomoni. Akaitoa.

"Tangu Bukavu niko nafunga mizigo," alisema. "Mi nimechoka. Kitu kimoja kikae."

Machozi yalinitoka. Nilipiga magoti upande wa pili, nikaishika mashine isisogee, naye akakaza.